Majibu ya taya la dogo yametoka

Jamani majibu ya kile kinyama walichokata tayani kwenda kupima yametoka leo hapa Moshi, dogo hana kansa, Mungu ni mwema sana!! Ila dokta katuambia ni keratosisti, yaani aina ya sisti (kifuko kinachoota ndani ya mfupa wa taya), hii sio kama ile sisti ya jino lililooza, seli za ukuta wake zinagawanyika kwa kasi zaidi, wanaangalia protini inaitwa Ki-67 maana inaonekana kwenye seli iliyo kazini kugawanyika, ikipumzika huioni, na kasi hiyo ndo moja ya sababu hii kitu inapenda kurudi hata baada ya opereshini. WHO 2005 waliihesabu tyuma (uvimbe unaokua wenyewe) kabisa, 2017 wakairudisha kwenye sisti. Na haikumuuma hata kidogo, shavu limejaa tu kwa mbali, kumbe kwenye eksirei kuna duara jeusi limekula mfupa nyuma ya gego la mwisho. Opereshini wiki ijayo, tuombeeni.