Nilivyoingia Amani na Kikundi cha Watu

Mwaka ule nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye kikundi cha mazoezi cha mtaani kwetu, na Januari mosi ndiyo ilikuwa Siku ya Mazoezi yangu ya kwanza. Kwengine watu siku hiyo wanaamka na usingizi wa mkesha. Unguja, baada ya sala ya alfajiri watu wako barabarani na raba zao, vikundi kwa vikundi, kila kimoja na fulana yake na nyimbo zake.

Mie miwani yangu ni hasi tano. Maana yake, bila miwani, kikizidi sentimita 20 kutoka usoni kila kitu ni uji. Sitii chumvi, gawa mita moja kwa tano uone.

Usiku wake nikakaa naishonea lastiki niifunge kisogoni, chini ya mtandio, isiteleze puani. Mjomba, ambaye ni mzamiaji wa pweza, akanitazama weee, kisha akasema: "Kuteleza si neno, mama. Utakufa na ukungu. Itemee mate, usugue, usuuze kidogo. Sie baharini ndivyo tunavyofanya."

"Mjomba, miwani hii nimeinunua kwa mshahara. Siitemei mate."

Akacheka, akarudi kwenye kahawa yake.

Tukaondoka Maisara vizuri. Kaskazi hiyo, joto limeshatanda kabla hata ya jua, lakini ukikimbia upepo unapita usoni na vioo vinabaki safi. Balaa lilikuja Michenzani, tuliposimamishwa vikundi vyengine vipite. Kusimama tu, mvuke wa jasho na pumzi ukaganda kwenye vioo: vyeupe pe! Nikaingiza vidole chini ya mtandio, nikahangaika na ile lastiki, nikaichomoa. Nikafuta kwa ncha ya mtandio. Nao umelowa jasho. Sasa juu ya ukungu nikapaka chumvi.

Firimbi ikalia. Watu wakaondoka, nami nikaondoka, miwani mkononi. Mbele yangu mgongo wa kijani. Fulana zetu kijani. Nikaung'ang'ania mgongo ule kama mtoto na kanga ya mama yake.

Kitu kimoja kilinitatiza: nyimbo. Wimbo ulikuwa mgeni kwangu, ila nikasema labda mwalimu katuwekea mpya kwa ajili ya sikukuu. Nikaitikia. Nikapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wenyewe, mpaka tukaingia uwanja wa Amani huku tukishangiriwa.

Tulipopanga mistari, mama mmoja wa makamo akanisogelea karibu kabisa. "Samahani mwanangu, wewe wa tawi gani?"

Nikataja mtaa wetu. Kimya. Halafu mstari mzima ukaangua kicheko.

Nikageuka upande, bila haya tena, nikatema mate kioo cha kulia, nikatema cha kushoto, nikasugua kwa kidole. Yule mama akanipa leso yake kavu. Nilipovaa, kitu cha kwanza kuona ni maandishi ya manjano kwenye fulana zao. Zetu zina maandishi meupe. Cha pili, ng'ambo ya uwanja, alikuwa mwalimu wetu, kapanda juu ya kiti, anahesabu vichwa kwa kidole, akifika mwisho anaanza tena.