Siku Moja Mchangani

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu la wiki hii ni Matendo ya Mitume 21:1-6, nami nimelisoma tena nikiwa nyumbani Moshi, siku chache baada ya kurudi kutoka Unguja, ambako meli ya kitalii anayofanyia kazi kijana wetu wa pili ilitia nanga kwa siku moja.

Wengi wenu mnajua kwamba yeye ni mhudumu wa mezani na kwamba mkataba wake ni wa miezi minane. Abiria wa meli ile wanapumzika, na yeye ndiye anayewapumzisha. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unaweka kipimo cha mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba, lakini mzazi akiisikia hesabu hiyo huzihesabu zile saa zinazobaki. Tulipopata habari kwamba ameruhusiwa kushuka hadi saa kumi na moja jioni, mimi na mdogo wake tulipanda basi mpaka Dar es Salaam, tukavuka kwa boti.

Nilikwenda na ndizi za soko la Kiboriloni, nikazipika machalari alfajiri nyumbani kwa wifi yangu Mwanakwerekwe. Nilikwenda pia na maneno, niliyokuwa nimeyapanga tangu basi lilipopita Same: habari ya fungu la kumi, ya uchumba unaosuasua, ya shamba la baba yake kule Old Moshi, na ya simu zake ambazo zimekuwa fupi mno.

Tuliketi kivulini ufukweni Shangani. Alivua viatu vyake vyeusi vya kazi, akatia soksi ndani yake, nami nikaona alama ya soksi imezama juu ya vifundo vya miguu yake kama mahali palipofungwa kamba. Alikula sahani mbili bila kusema neno. Kisha alikwenda majini, wakati ambapo bahari ilikuwa ikipwa, akasimama kimya huku mawimbi yakichota mchanga chini ya nyayo zake. Nilishangaa kwamba mtu atokaye baharini anaweza kuitamani bahari kiasi kile, naye akanieleza kwamba akiwa kazini huiona kupitia kioo tu, na zipo siku ambazo hata hicho kioo hakifikii. Aliporudi alijilaza juu ya khanga yangu, mkono juu ya macho, akapitiwa na usingizi. Nilinyoosha mkono nimwamshe ili nianze mazungumzo yangu, lakini mdogo wake akanizuia, akasema, "Mama, mwache." Nikamfunika mabega, nikasema, "Lala, baba."

Alilala kwa muda wa saa mbili, na katika saa hizo mbili nilimfikiria sana nabii Eliya, yule aliyelala jangwani chini ya mti wa mretemu akiwa amechoka hata kuomba afe. Malaika alipomgusa hakumuuliza lolote. Alimwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ili ale, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baadaye kabisa, kule mlimani Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Mimi nilikuwa nimelibeba swali hilo kutoka Moshi, nikitaka kulitoa kabla mkate haujashuka tumboni.

Katika somo letu, Paulo na wenzake walishuka katika mji wa Tiro kwa sababu merikebu ilikuwa ishushe shehena yake huko. Waliitumia nafasi hiyo kuwatafuta waamini, wakakaa nao siku saba, na siku hizo zote Luka, mwandishi wa Matendo, anazipitisha kwa maneno machache, akitaja onyo moja tu, kwamba Paulo asipande kwenda Yerusalemu. Kinachopewa nafasi ni kuagana: waamini wote, pamoja na wake zao na watoto wao, wakiwasindikiza nje ya mji mpaka pwani, wakipiga magoti na kuomba. Onyo lile lilikuwa bado mioyoni mwao, na hawakumzuia msafiri wao kupanda.

Adhana ya alasiri ilipotoka kijana aliamka mwenyewe, akatafuta viatu. Tulipiga magoti pale mchangani, sisi watatu, huku watoto wakiendelea kujitupa majini upande wa Forodhani, nami niliomba kwa ufupi kuliko nilivyopata kuomba kwa ajili yake. Kati ya maneno yangu yote nilimpa moja, kwamba baba yake anamsalimu. Alifuta mchanga katikati ya vidole vya miguu kwa pindo la khanga, kidole kimoja baada ya kingine, kwa sababu kule chumba cha kulia hautakiwi hata chembe, kisha akavaa soksi, akaelekea bandarini Malindi.

Mkataba wake umebakiza miezi mitatu. Jumatano, tutakapokutana katika jumuiya, naomba tumtaje yeye na vijana wengine wa usharika wetu walio safarini, kila mmoja kwa jina lake, na tuombe wapate bandari na watu wa kuwapikia.