Siku ya Josho Ranchini Kongwa

Saa 11 alfajiri. Ni Machi, mvua za Dodoma bado zinanyesha, na buti zimeshalowa umande kabla sijafika zizini. Mzee anayeongoza wachungaji amenitangulia, kama kawaida yake.

"Mbukwa, mzee."

"Mbukwa, mwanangu. Yule mtamba mwekundu kalala vibaya."

Ng'ombe wetu ni Boran, wa nyama, asili yao Waborana wa kusini mwa Ethiopia. Wanapotoka mlangoni tunawahesabu watu wawili, kila mtu kivyake. Tusipopatana tunawarudisha, hata kama jua linachomoza. Mzee yeye hana haja na namba. Anatazama nani kachelewa, nani kainamisha masikio, pua ya nani imekauka.

Mtamba mwekundu, jike ambaye bado hajazaa, alikuwa wa mwisho kutoka. Tukamwingiza kwenye kibanio: nyuzi 41, wakati mzima huwa karibu na 39, na tezi chini ya sikio imevimba. Ndigana kali. Mtaalamu wa mifugo akamchoma sindano, kisha mtamba akabaki zizini na majani mabichi na ndoo ya maji. Dawa ya ugonjwa huu huokoa anayewahiwa. Akishaanza kuhema kwa shida, mara nyingi mmechelewa.

Saa 1, chai na viazi vitamu, tumesimama.

Saa 2 mpaka saa 5 ni josho, yaani kuogesha ng'ombe kwenye shimo la dawa ya kupe, kazi ninayoipenda kuliko zote ingawa narudi nikinuka dawa. Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia wanaojificha masikioni, na msimu huu wa majani marefu kupe ni wengi, kwa hiyo tunaogesha kila wiki. Kwanza ng'ombe wanywe maji na wapumzike, maana mwenye kiu atakunywa dawa. Wa kwanza kuruka hulazimika kurudia: dawa imetuama chini, na wao ndio wanaoikoroga. Wenye mimba kubwa hawaruki kabisa, tunawapulizia kwa bomba la mgongoni. Wakitoka wanasimama kwenye sakafu ya saruji mpaka dawa iwachuruzike na kurudi shimoni. Ni ya gharama, haimwagwi ovyo.

Fahali mkubwa hugoma kila mara. Anafika ukingoni, anainusa dawa, anatugeukia. Ukimpigia kelele anazidi kugoma. Mzee humwachia jike mbele yake, basi anajitosa mwenyewe. Sina la kuongeza hapo.

Mchana, ugali na mlenda chini ya mbuyu. Mchungaji mmoja anasimulia babu yake alivyobeba mawe kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza hapa Kongwa mwaka 1947 na kufutwa 1951. Karanga zilishindwa na ukame, majani yakabaki kwa ng'ombe.

Alasiri nikazunguka uzio, nikakaza waya sehemu mbili, nikatazama lambo. Maji yapo.

Saa 12 jioni kundi linarudi, tunahesabu tena. Namba zimepatana. Mtamba ameshuka mpaka nyuzi 40 na ametafuna majani kidogo. Mtaalamu anataka kumpima tena asubuhi kabla hatujafungua zizi. Nimeyaandika yote daftarini, pamoja na dawa iliyobaki stoo, ambayo haitoshi kwa wiki ijayo. Kesho nawahi ofisini kuomba pesa, na hiyo ndiyo kazi inayonitoa jasho kuliko fahali.