Maghala ya Birdoswald na askari ambao hawakuondoka

Husimuliwa mara kwa mara kwamba Warumi waliondoka Britania mwaka 410, kana kwamba askari walifunga virago siku moja, wakapanda meli na kuziacha ngome zao tupu. Mimi siridhiki na usimulizi huo, na sababu yangu kubwa ni maghala mawili ya nafaka yaliyofukuliwa Birdoswald, ngome iliyo kwenye Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka uliojengwa na Warumi kaskazini mwa Uingereza, katika uchimbaji ulioongozwa na Tony Wilmott kuanzia mwaka 1987.

Ngome hiyo, ambayo Warumi waliiita Banna, ilikaliwa na kikosi cha Wadakia, watu ambao asili yao ni Romania ya leo. Maghala yake yalijengwa mwanzoni mwa karne ya 3, na sakafu ziliinuliwa juu ya kuta fupi ili hewa ipite chini na nafaka isioze. Kufikia mwaka 350 hivi mambo yalianza kubadilika. Paa la ghala la kaskazini liliporomoka, mawe yake yakachukuliwa kwa kazi nyingine, na mahali penyewe pakageuzwa jaa. Katika ghala la kusini, uwazi wa chini ya sakafu ulijazwa udongo na mawe, sakafu ikatandikwa upya, na upande mmoja wa jengo yakawekwa meko. Hakuna mtunza nafaka anayeziba njia ya hewa ya ghala lake. Aliyefanya hivyo alikuwa amekwisha kuamua kwamba humo watakaa watu.

Karibu na meko hayo viliokotwa hereni ya dhahabu, pete ya kioo na sarafu ya Theodosius, kaisari wa Roma, iliyotolewa kati ya mwaka 388 na 395. Sarafu ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu imesagika kwa kupita mikononi mwa watu, na hiyo ina maana kwamba iliangushwa pale miaka mingi baada ya kutengenezwa, wakati sarafu mpya zilikuwa karibu zimekoma kuletwa Britania.

Juu ya magofu ya ghala la kaskazini lilisimamishwa baadaye jengo la mbao, na baada yake ukumbi mwingine mkubwa zaidi, ambao nguzo zake zilikalia mawe bapa na ambao ulielekezwa kwenye lango kuu la magharibi. Wilmott anaona humo makao ya kamanda aliyegeuka kuwa mkuu wa eneo, akiwalisha wapiganaji wake kwa mazao ya majirani badala ya mshahara wa dola, na nadhani maelezo hayo yanaafikiana na ushahidi kuliko mengine yote. Ukumbi wenyewe haukuacha sarafu ya kuutolea tarehe, hivyo umri wake ulikadiriwa kwa kuanzia kwenye ile sarafu iliyosagika na kuhesabu muda ambao kila jengo la mbao lingeweza kudumu, hadi kufikia takriban mwaka 520.