Kutoka Kaloleni hadi Kibosho

Kabla ya kupanda gari la Moshi nilipita Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni karibu na Mnara wa Mwenge. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Mimi nilifuata jambo moja tu, masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, CCM, chama kilichorithi TANU, kiliyalegeza. Nadhani ndipo ilipoanza kujulikana nani alikuwa amezuiwa na sharti na nani alikuwa amejizuia mwenyewe.

Swali hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Ofisi niliyokuwa mhasibu wake iliniletea orodha ya posho za semina ambayo haikufanyika. Nikakataa kusaini, mkataba wangu ukakatishwa. Siku ile kukataa hakukunisumbua sana, maana nilikuwa bado na mshahara, na watu walikuwa wananiita mhasibu. Ugumu umekuja baadaye. Kodi ya nyumba inadaiwa, na rafiki anayenitakia mema kabisa ananishauri kwamba kwenye maombi ya kazi mpya niandike tu "mkataba uliisha".

Kosta ilijaa ikaondoka. Tengeru, Usa River, kisha Maji ya Chai. Maji ya upande huu wa Meru yana madini ya floridi kwa wingi, na wengi waliokulia hapa wana meno ya rangi ya kahawia maisha yao yote, hata wakihamia mbali. Kuna wanaoamini uadilifu nao uko hivyo, kwamba ukinyweshwa utotoni haufutiki tena. Siamini. Nimewafahamu watu waliolelewa vizuri kuliko mimi, wakapata msiba au deni, na ndani ya mwaka mmoja ukashindwa kuwatambua. Hawakuwa wabaya. Walibaki peke yao, basi.

Kikatiti, njia panda ya KIA, Boma Ng'ombe. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umefunikwa na mawingu. Moshi nilibadilisha gari nikapanda Kibosho.

Shangazi nilimkuta nyuma ya nyumba, anachambua kahawa kwenye chekeche la waya, anatoa punje zilizovunjika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Miaka mingi alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, anapima kahawa ya wakulima, yeye na mzani wake. Ushirika wa kahawa huku ni wa zamani, KNCU yenyewe, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, na mkulima wa Kibosho anajua vizuri kilo zinavyopotea mezani kwa karani. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka dunia nzima. Miaka michache baadaye wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Katikati ya hayo yote mjomba, mume wake, akafariki, akamwachia watoto wa shule. Wakati huo karani aliyetaka kula angeweza kula. Kusoma mshale kabla haujatulia, au kuacha nusu kilo isiandikwe, nani angejua?

Nilimuuliza alikishindaje kishawishi hicho. Aliendelea kuchambua kwanza.

"Nilikuwa namwita mwenye mzigo. Njoo huku mbele, uangalie mwenyewe. Mshale ukitulia, usome wewe kwa sauti, mimi naandika."

"Kwa hiyo shangazi hukujiamini?"

"Nani anajiamini, mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada? Siku ambazo nilikuwa najiogopa ndizo nilizowaita kwa sauti kubwa."

Nilikuwa nimekuja na picha nyingine kabisa. Nilidhani nitamkuta mtu mwenye moyo wa chuma, anifundishe kuupata. Kumbe mwaka ule hakuutegemea moyo, alijua umechoka kama mwili ulivyochoka. Aliwapa majirani zake kazi ya kumlinda, wala hawakujua kwamba wamepewa. Nafikiri hapo ndipo tunapokosea tunaposifu msimamo: tunauweka ndani ya mtu mmoja, halafu mtu huyo anapofiwa au kufukuzwa tunamwachia aubebe mwenyewe, tena kimyakimya, kwa aibu.

Na ushauri wa "mkataba uliisha" ulikuwa unanitaka kimya hichohicho.

Jioni tulikula mtori. Nikamweleza habari yote, tangu orodha ile mpaka kodi. Hakunipongeza. Aliuliza deni ni kiasi gani, akasema miezi miwili naweza kukaa kwake, kuna kazi ya kupogolea migomba. Kisha nikafungua simu mezani pale, yeye ameketi ananitazama, nikaandika penye sababu ya kuondoka: "Nilikataa kusaini malipo ya semina ambayo haikufanyika." Nikamsomea. Akasema niongeze tarehe. Nikaongeza, nikatuma.