Swali la Karani wa Malaba

Mwaka 2014, nchi za Afrika Mashariki zilipokuwa zikitekeleza Himaya Moja ya Forodha, yaani mpango wa kuzifanya nchi hizo eneo moja la ushuru wa mizigo, ushuru wa mizigo mingi iendayo Uganda ulianza kulipwa mizigo ikiwa bado bandarini Mombasa. Mfumo wa kompyuta niliokuwa nikiutunza Kampala, wa kampuni moja ya uwakala wa forodha, ulikuwa umejengwa kwa dhana kwamba shughuli zote huanzia mpakani. Nilitaka tuongeze moduli, yaani sehemu mpya ya programu, ya Mombasa na kuendelea. Mkuu wa timu yetu akakataa katakata mpaka usanifu wote, yaani jinsi sehemu za mfumo zilivyopangwa na kuunganishwa, utathminiwe.

Alifuata mbinu iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ambayo haiulizi kama usanifu ni mzuri au mbaya kwa jumla, bali huupima kwa visa mahususi vinavyotolewa na wadau wenyewe. Ndiyo maana makarani nao waliitwa, jambo ambalo wakati ule niliona ni kupoteza muda.

Nilichora ubaoni seva moja Kampala na mishale kutoka Mombasa na vituo vya mpakani vya Busia na Malaba. Karani mmoja mzee akainuka, akaweka kidole juu ya mshale wa Malaba.

"Kijana wangu, mstari huu ukikatika saa nane za usiku na malori yamepanga foleni, nitajuaje lipi limelipiwa?"

"Itabidi usubiri mtandao urudi, mzee."

"Nimeusubiri hadi kumekucha, si mara moja."

Sikuwa na jibu. Tulitumia alasiri yote juu ya mshale ule mmoja. Tukiweka nakala ya kumbukumbu za malipo Malaba, kazi ingeendelea bila mtandao, lakini malipo yaliyobatilishwa Mombasa yangeweza kuonekana halali mpakani kwa saa kadhaa. Tukiziacha kumbukumbu Kampala pekee, zingekuwa sahihi lakini hazingepatikana zinapohitajika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uamuzi wa mahali pa kuweka kumbukumbu, ambao mimi niliufanya bila hata kujua kuwa ni uamuzi, ndio uliobeba mfumo mzima.

Tulikubaliana nakala ya Malaba iwe ya kusomwa tu, na ioneshe saa iliposasishwa mara ya mwisho. Mzee akaomba saa hiyo iandikwe kwa tarakimu kubwa, kwani usiku macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Nikaliandika ombi hilo ubaoni, kando ya mshale wake.