Gonga Ukuta

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili liko Mithali 27. Mstari wa 10 tunaujua wote, maana hatukosi kuusikia misibani: afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Lakini shuka kidogo tu, hadi mstari wa 14, ambao mimi sijawahi kumsikia mhubiri akiusimamia. Unasema kwamba mtu akiamka alfajiri na mapema kumbariki rafiki yake kwa sauti kuu, baraka hiyo itahesabiwa kuwa laana. Mstari huo umenihubiria mimi mwenyewe, tena kupitia ukutani.

Wengi mnajua nilikuja huku Lincolnshire, mashariki ya Uingereza, kwa kazi ya kuhudumia wazee. Nikitaja Uingereza, watu wa nyumbani wanaiona London, treni za chini ya ardhi na maghorofa. Huku kwetu ni mashamba. Kabichi, viazi, ngano, mitaro ya maji iliyonyooka kama imepigwa rula, na anga kubwa ambalo halina mlima wa kulizuia. Mji wa karibu ni Spilsby, mji mdogo wenye uwanja wa soko katikati. Mtaa wetu ni nyumba chache za matofali kando ya barabara moja, na ukifungua mlango wa nyuma unatazamana na shamba la mtu. Jumapili basi halipiti. Mayai yanauzwa getini bila muuzaji: kuna kisanduku, pembeni kikopo cha hela, unachukua trei yako na kutumbukiza sarafu, hakuna anayekuona isipokuwa Mungu na kuku.

Mimi nimetoka Mbagala, Dar es Salaam. Huko alfajiri inaanza na adhana, kwaya kwenye spika, konda anayeita abiria, na mama wa vitumbua anayepiga hodi kabla hujapata viatu. Juma la kwanza huku nililala redio ikiwa imewashwa ili nisikie mtu akiongea, hata kama anaongea habari za bei ya ng'ombe. Mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unatoka kwa mgonjwa wako giza limeshaingia, madirisha yote yana mapazia, na barabara nzima husikii ila soli za viatu vyako. Nilimwambia Mungu: umenileta makaburini.

Na salamu zao! Mtu anakutana nawe asubuhi anasema, "Baridi leo," kisha anapita. Nikajisemea, hawa watu hawataki kunijua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba "baridi leo" ndiyo "habari za asubuhi" yao. Hakuna anayesubiri ripoti ya hali ya hewa, kama sisi tunapouliza "za nyumbani?" hatusubiri kuhesabiwa mbuzi waliozaa. Ni njia ya kusema nimekuona. Ila mimi nilikuwa nimeshahukumu.

Sasa sikilizeni niliyoyafanya. Kikundi chetu cha maombi kinaanza saa kumi na moja alfajiri, saa za Dar es Salaam. Majira ya joto, hiyo huku ni saa tisa usiku. Nikawa naingia kwa simu kila siku, naweka spika, nasimama katikati ya chumba, na sauti yangu mnaijua. Ikafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ambayo Waingereza wanarudisha saa zao nyuma. Saa tisa ikawa saa nane. Nami sikupunguza kitu. Nilikemea, nililia, niliimba pambio mpaka mwisho. Nyumba yangu na ya jirani zimeshikana, zinagawana ukuta mmoja, na kitanda chake, nilikuja kujua baadaye, kiko upande wa pili wa pale niliposimama.

Jirani huyo ni mzee mjane aliyelima maisha yake yote. Tangu nihamie alikuwa ameniambia "baridi leo" mara nyingi na "mvua hii" mara chache. Niliwahi hata kumwombea katika maombi hayohayo, kwa sauti, kwamba Bwana auvunje moyo wake wa jiwe.

Asubuhi moja ya Novemba nikakuta kadi imedondokea mkekani chini ya tundu la barua. Mbele ina picha ya ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Ndani, kwa mwandiko wa mkono unaotetemeka, alikuwa ameandika, nami nawapa kwa Kiswahili: "Jirani, samahani kwa kuingilia. Nakusikia usiku ukilia. Kama umefiwa, au kama kuna mgonjwa, gonga ukuta. Nina gari."

Nilikaa kwenye ngazi nikaisoma tena na tena. Wiki hizo zote mzee wa watu alikuwa macho, anasikiliza kilio kwa lugha asiyoijua, anajiuliza aje au asije. Hakulalamika kwamba simpi usingizi. Aliyekuwa na moyo wa jiwe katika ukuta ule hakuwa yeye.

Nikamkumbuka Hana kule Shilo, 1 Samweli 1. Midomo yake ilikuwa ikicheza lakini sauti haikusikika, na kuhani Eli akadhani amelewa. Huwa tunamshangaa Eli, kiongozi mzima wa dini asiyetambua maombi. Lakini mimi nilifanya lilelile kwa kijiji kizima. Niliona midomo isiyotoa sauti nikaamua kwamba ndani hamna kitu. Paulo anawaandikia Wathesalonike, waraka wa kwanza, sura ya 4 mstari wa 11, kwamba wajitahidi kutulia. Angalieni hapo: *wajitahidi*. Kwake utulivu ni kazi ya kutoa jasho. Sisi wa maombi ya nguvu mstari huo tunaupita kama basi la Jumapili.

Kuna jambo jingine nililipata nikiwa hukuhuku, nalo limenikalia rohoni. Kilomita chache kutoka Spilsby kuna kijiji kinaitwa Little Steeping. Kanisa, nyumba, mashamba, ni hayo tu. Padri wa kijiji hicho katika miaka ya 1860 aliitwa Edward Steere. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, ambaye naye alikuwa amehudumu huku Lincolnshire, Burgh-le-Marsh. Ni Steere huyohuyo ambaye kaburi lake liko nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Nimewahi kusimama pale na kwaya yetu, tukapiga picha, wala sikujua kwamba ipo siku nitasubiri basi kwenye njia ya kijiji chake.

Sitaki kumfanya malaika, wamisionari wa enzi ile walikuwa na yao. Lakini kimoja nampa. Alipotoka katika ukimya huu kwenda Unguja, alikaa akasikiliza. Mwaka 1870 alichapisha London hadithi za Kiswahili kama alivyosimuliwa na watu wa Unguja, za wanyama, za masultani, za watu wajanja. Na ndiye aliyeifanya kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Mtu hatafsiri asichokisikia. Kwa hiyo baadhi ya maneno niliyokuwa nikiyapigia kelele saa nane usiku yaliwahi kupita katika masikio ya padri wa hapa jirani, nami hapohapo alipotoka nimeshindwa kumsikia mtu mmoja.

Basi nilimpelekea mzee chapati sita, zimefungwa kwenye taulo, nikamweleza kwamba sijafiwa, nilikuwa nasali. Akafikiri kidogo. Akauliza, "Kila usiku?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Lazima uwe na mengi." Sijui kama ulikuwa utani. Huku utani na huruma vinavaa koti moja.

Siku hizi naingia kwenye maombi na visikilizio masikioni, nimehamia jikoni, ukuta wa upande wa pili, na midomo ndiyo inayocheza. Mama mchungaji aliniuliza kama nimepoa. Nikamwambia sijapoa, nimehamia kwa Hana. Na nikiwa kimya hivyo nimeanza kusikia: bundi shambani, kengele ya kanisa upepo ukiwa mzuri, na upande wa pili wa ukuta mzee akikohoa, akishuka ngazi moja moja, akiweka birika, akifungua redio yake ya habari za mashamba. Saa kumi na mbili na nusu, kila siku. Jumatano usiku yeye ananitolea pipa la taka barabarani, Alhamisi mimi namrudishia lake.

Jumanne iliyopita ikafika saa moja, sikusikia birika. Saa moja na nusu, kimya. Ukimya ule haukuwa wa kila siku, na miezi michache nyuma nisingeujua tofauti yake. Nikapanda juu, nikagonga ukuta mara tatu, nikaweka sikio. Hakuna. Nikavaa koti, nikachukua simu, nikashuka. Mkono uko kwenye kitasa nikasikia, kutoka juu, ngo ngo. Mara mbili. Kisha kikohozi, kisha ngazi, moja moja.